Nilimdanganya Mwanachuo Aliyekuja Dukani Kwangu na Dodoso

Mmezoea nawaletea mambo ya kupiga picha bidhaa na kufunga mizigo. Leo nina jambo jingine, na sehemu yake ni aibu yangu mwenyewe. Linahusu utafiti wa mwanachuo wa biashara. Usipite haraka ukasema hayo ni ya wasomi. Mimi nimeishia form four, biashara nimejifunzia dukani, na huo utafiti ulinigusa mfukoni kuliko semina yoyote niliyowahi kukaa.

Hawa vijana tunawajua. Vyuo vimesogea siku hizi: Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati, Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Singida, CBE iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1965 sasa iko hadi Dodoma, Mwanza na Mbeya. Wengi wakifika mwaka wa mwisho wanatakiwa kufanya utafiti ndipo wapewe cheti. Na wanaandika kuhusu nani? Kuhusu sisi. Mitandao ya kijamii na ukuaji wa biashara ndogo, mikopo na biashara ndogo, wanawake na biashara ndogo. Kijana anakuja na bahasha ya kaki, ndani kuna barua yenye mhuri, anaomba dakika kumi tu. Wewe una mteja mbele, simu inalia, mtoto yuko mgongoni. Unamjibu ili aondoke.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alikuwa mmoja wao. Chuo chake sikitaji. Mitihani yote alimaliza mwaka 2023, kikabaki hicho kimoja, utafiti. Wenzake wakavaa majoho, yeye akarudi Tumati na begi na flashi. Mama mdogo alishauza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada, na mkopo wa Bodi ulikuwa umeisha miaka yake. Jirani akiuliza, "Mtoto amemaliza?" mama mdogo anajibu, "Bado kidogo." Hiyo bado kidogo ilichukua mwaka na zaidi.

Mimi nilidhani shida ni kuandika. Kurasa sitini za Kiingereza si mchezo. Kumbe kuandika ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Andiko lake la kwanza lilirudishwa mara tatu. Alitaka kuchunguza wafanyabiashara wadogo wote wa mkoa wa Manyara wanaouza mtandaoni. Mkoa mzima! Kutoka Simanjiro mpaka Hanang, kwa nauli ya nani? Msimamizi wake alikuwa na wanafunzi wengi, ukimtumia ujumbe leo anajibu baada ya wiki mbili, na jibu lenyewe neno moja: "Nimeliona." Mdogo wangu alikuwa analala na simu kifuani. Mara ya tatu akaambiwa apunguze eneo, akachagua mji mmoja tu, Katesh, kule Hanang chini ya mlima. Pana soko, pana maduka mengi, na ndugu wa kumlaza wapo.

Halafu ikaja hesabu ya watu wangapi wa kuwahoji. Hii niliipenda, ngoja niwaeleze. Kuna kanuni wanafunzi wengi wanaitumia, ya mtu anaitwa Taro Yamane, iko kwenye kitabu chake cha takwimu cha 1967. Unachukua idadi ya watu wote, unagawanya kwa moja jumlisha hiyo hiyo idadi mara kosa unaloruhusu likizidishwa lenyewe kwa lenyewe. Yeye aliweka watu 150 na kosa la asilimia 10. Kwa hiyo 150 gawanya kwa 2.5, inakuja 60. Safi kabisa, hata mimi niliifanya kwa kalkuleta ya dukani ikakubali.

Nikamuuliza swali moja la kijinga: "Hao 150 umewahesabu wapi?"

Akanyamaza.

Hakuna daftari lolote lenye majina ya watu wanaouza kwa status ya WhatsApp. Leseni za biashara halmashauri wanazo, lakini leseni inasema duka la nguo, haisemi kama unapost. Na wengi wetu tunaouza mtandaoni hata fremu hatuna, duka ni simu na kabati la chumbani. Ile 150 aliikadiria mwenyewe kwa kutembea sokoni siku mbili. Kanuni ilikuwa sahihi, ila ilikalia namba ya kubahatisha. Alilijua hilo, na likawa linamsumbua usiku.

Safari ya kukusanya taarifa ilipangwa Desemba 2023. Mnakumbuka kilichotokea. Jumapili ya tarehe 3 Desemba asubuhi, mvua ikiwa imenyesha sana, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likiwa na mawe na magogo, likapita Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha akarudi. Sisi huku upande wa Mbulu tulikuwa tunapiga simu za ndugu mmoja mmoja, nyingine hazipokelewi, nyingine hazipo hewani kabisa.

Ndugu wa kumlaza walipona. Lakini katika wale aliokuwa amewaandika kwenye orodha, wapo waliopoteza mzigo wote, na wapo waliopoteza zaidi ya mzigo. Kuna rafiki yake wa chuo alimwambia nenda hivyo hivyo, watu wapo, barua unayo. Mdogo wangu akasema, "Nikamuulize mtu aliyetoka kuzika kwamba unapost mara ngapi kwa wiki?" Hakwenda. Mimi nilimwona ana akili siku hiyo kuliko siku zote. Ila kwa chuo ilimaanisha anaanza upya.

Na kuanza upya si kubadilisha jina la mji kwenye kompyuta. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Babati, kutoka hapo inashuka wilayani, halafu kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji. Hanang ni wilaya nyingine na Mbulu nyingine, kwa hiyo zile barua za Katesh hazikusaidia kitu. Kila ofisi inataka nakala, kila safari ni nauli, na mhusika anaweza kuwa kikaoni. Alipopata mhuri wa mwisho masika yalishaanza, barabara ni tope, bodaboda wanapandisha bei.

Ndipo akaja dukani kwangu.

Dodoso lilikuwa kurasa sita. Nakala 60 kwa shilingi 100 kila ukurasa ni elfu 36, alikopa kwangu. Nilikuwa mtu wa kwanza kujaza, kama kufungua biashara ya mwenzio. Swali la tisa likasema: mauzo yako ya mtandaoni kwa mwezi ni kiasi gani?

Nikaandika 1,200,000.

Sijui niliitoa wapi. Yaani najua. Huyu ni mdogo wangu, anasoma chuo, mimi ndiye dada mwenye duka. Kila nikienda nyumbani nasifiwa naendesha biashara. Ningeandika nini mbele yake? Halafu ukweli wa pili, sikuwa najua. Sikuwa na daftari la mauzo. Nilikuwa na daftari la madeni tu, wanaonidai na ninaowadai. Pesa ikiingia kwa simu inatoka kwa simu, nikitaka kujua kama biashara inakwenda naangalia kama stoo imepungua. (Wewe unayecheka, lete daftari lako tulione.)

Baada yangu akazunguka Tumati, akaenda Dongobesh, akafika mpaka Haydom. Alikutana na mambo. Sehemu nyingi swali la kwanza halikuwa lake, lilikuwa la mwenye duka: "Wewe ni wa TRA?" Anaonyesha barua, mtu anaisoma juu mpaka chini, anaona mhuri wa serikali, ndiyo kwanza anaogopa zaidi. Mmoja alimwambia anauza elfu kumi kwa wiki, na nyuma yake marobota yamepangwa mpaka darini.

Hapa nikae kidogo, maana hofu hiyo inatuponza. Kwa sisi wadogo tusioandaa hesabu za kampuni, kuna jedwali la kodi ya makadirio. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayalipi kodi hiyo ya mapato. Ukizidi milioni 4 mpaka 7, asiyetunza kumbukumbu analipa laki moja, lakini anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Chukua mtu wa milioni 5: mwenye kumbukumbu ni elfu 30, asiye nazo ni laki. Viwango hubadilika, kaulize ofisi ya TRA iliyo karibu nawe kwa mwaka huu. Ninachosema ni kwamba tunajificha gizani tukidhani giza ni bure.

Turudi kwa mdogo wangu. Kurasa mbili za dodoso zilikuwa za yale maswali ya kuchagua: nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Huo mtindo ulianzishwa na Mmarekani, Rensis Likert, mwaka 1932. Kwao labda unafanya kazi vizuri. Huku kwetu mgeni akikuletea karatasi kwa heshima, unamkubalia. "Mitandao ya kijamii imekuza biashara yangu." Nakubali kabisa. "Natumia mitandao kila siku." Nakubali kabisa. "Napata changamoto ya mtandao." Nakubali kabisa. Kuna mama mmoja wa Kiiraqw, mtu mzima, anauza asali na mayai ya kienyeji, wateja wake anawapata kupitia simu ya mwanae. Maswali yametoka Kiingereza yakaja Kiswahili cha kitabuni, mdogo wangu akamgeuzia Kiiraqw pale pale. Neno "changamoto" lilipofika kule likawa "shida zako". Yule mama akaanza kusimulia shida zake zote, mpaka ya shamba la marehemu mumewe. Saa moja na nusu. Kwenye karatasi ilibidi iwe tiki moja.

Alirudi na dodoso 52 kati ya 60. Nane zilipotea kwa watu waliosema "acha nitajaza jioni". Akaingiza zote kwenye ile programu ya takwimu, SPSS, kwa kompyuta ya kuazima, siku nne. Akatuma.

Msimamizi safari hii hakujibu neno moja. Alijibu ukurasa mzima. Kwa kifupi alisema: kwa majibu haya kila mfanyabiashara wa huko anakubaliana na kila kitu, na mauzo waliyoandika hayalingani na kitu kingine chochote walichosema. Akatoa mfano wa mtu mmoja, bila jina maana dodoso halina majina, namba 01 tu: anauza 1,200,000 kwa mwezi mtandaoni, lakini mtaji wake ni laki nne, anaagiza mzigo mara moja kwa mwezi, na bidhaa zake wastani ni elfu 18. Huyu anauza nini?

Namba 01 ni mimi.

Mdogo wangu hakuniambia kitu. Alinisomea tu ile barua pale kaunta, akafika kwenye namba 01 akaendelea kusoma kama hajui. Nilikuwa nakunja mashuka. Nikaendelea kukunja.

Wiki hiyo ndiyo alitaka kukata tamaa kwa njia ya mkato. Mnaijua, mitandaoni wamejaa, na wengine wanaweza kuwa wanasoma ukurasa huu: "Tunaandika utafiti, tunachambua data, bei nafuu, chap chap." Alipewa bei, laki tatu na nusu, na hiyo inajumuisha kupikiwa data. Yaani majibu ya watu 60 ambao hawajawahi kuzaliwa. Akamuuliza vipi chuo wakigundua, maana kuna programu za kukagua kazi iliyonakiliwa. Akajibiwa programu hizo zinakagua maneno, namba haziulizi. Na hapo jamaa hakudanganya.

Mimi nina maoni yangu kuhusu hiyo biashara na sitayaficha: ni uuzaji wa bidhaa feki kama feki nyingine yoyote, na mnunuzi ndiye anayebaki nayo, siku ya kuitetea muuzaji hayupo. Lakini siwezi kusimama juu sana. Yule anapika namba kwa laki tatu na nusu. Mimi nilipika bure.

Alikuja kuniomba nimkopeshe hiyo hela. Ndiyo nikamwambia. Nilimwambia mimi ndiye 01, na sijui nauza kiasi gani, na sijawahi kujua. Nilitegemea atakasirika. Akasema, "Dada, najua. Mwandiko wako naujua." Halafu akakaa kwenye kreti la soda akaanza kulia, na mimi nikafunga duka saa nane mchana, kitu ambacho sifanyi.

Kilichofuata ndicho kilichookoa utafiti wake. Kilitokana na hasira zaidi kuliko busara. Alisema kama mimi dada yake sijui mauzo yangu, basi wale 52 wengi hawajui, na hilo ndilo jibu, siyo kosa la karatasi. Akamwandikia msimamizi kuomba kubadilisha njia: aache dodoso la watu 60, achukue wafanyabiashara wachache, kila mmoja aandike daftari kwa siku 30, halafu awahoji kwa mazungumzo. Uchunguzi kifani wanauita. Na swali likawa dogo: watu wanaouliza bei mtandaoni, wanaolipa ni wangapi, na wasiolipa wanaachia wapi? Basi. Hakuna "ukuaji", hakuna "mchango". Msimamizi alikubali baada ya siku tatu. Siku tatu! Nadhani na yeye alichoka kusoma nakubali kabisa.

Aliwapata 12. Daftari lilikuwa la kawaida la shilingi mia tano na mistari ya kuchora kwa rula: tarehe, ameuliza nini, amelipa au hapana, kama hapana aliishia wapi, kama ndiyo gharama ya kumtumia ni kiasi gani. Majina ya wateja alikataza, wote waandikwe mteja 1, mteja 2. Na hapa niwaambie wenzangu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwanachuo akija akataka upige picha ujumbe wako wa miamala wenye majina na namba za wateja, una haki ya kukataa, na kwa wateja wako ni wajibu. Mpe jumla, usimpe watu.

Siku za kwanza tano niliandika vizuri. Siku ya sita nikasahau. Siku ya saba nikataka kujaza ya jana kwa kukumbuka, mdogo wangu akasema acha wazi, siku iliyopotea iandike imepotea. Kwa hiyo daftari langu lina mashimo matatu. Wengine watatu kati ya wale 12 waliacha kabisa, mmoja alisema daftari linamtia huzuni. Wakabaki tisa.

Sasa yangu haya hapa, na safari hii sijapika. Walioniuliza bei 94. Waliolipa 23. Pesa iliyoingia 412,000. Ile milioni moja na laki mbili iko wapi? Haikuwepo. Toa manunuzi ya hizo bidhaa 268,000, inabaki 144,000. Toa bando, gharama za kutolea pesa na mizigo niliyosema "nitakulipia mimi" ili mteja asikimbie, jumla 61,000. Mkononi 83,000 kwa mwezi. Nilikaa na hiyo namba siku mbili simwambii mtu.

Lakini daftari lilikuwa na jambo jingine. Mimi napost nguo za watoto na mashuka kila siku, asubuhi na jioni. Vitunguu saumu, si mnajua Mbulu kwa vitunguu saumu, navipost mara moja kwa wiki kama kujazia. Kati ya wale 23 waliolipa, tisa walikuwa wa vitunguu, watu wa Arusha na Dar. Na katika ile 144,000, vitunguu vilileta 79,000. Hawakuuliza picha ya pili, na hawakubishana nauli ya basi. Wa nguo wengi walifika vizuri mpaka kwenye neno "na kutuma je?" wakapotea hapo. 41 waliachia hapo hapo. Nilikuwa naweka bei ya nguo kwenye posti na bei ya kutuma naificha inbox. Sasa naandika vyote pamoja. Waulizaji wamepungua, na sijali.

Haya ni yangu mimi, duka moja la Tumati, msiyabebe kama sheria. Hata mdogo wangu kwenye kazi yake ameandika wazi kwamba watu tisa hawawezi kusemea wilaya. Nilimwambia atoe hiyo sentensi, inashusha kazi. Akasema hiyo ndiyo sentensi anayoiamini kuliko zote.

Siku ya kutetea walikuwa walimu watatu. Aliniambia swali la kwanza lilikuwa lile lile tuliloliogopa: mbona tisa tu? Akaweka mezani madaftari tisa, na yale mashimo yake, na moja lina doa la mafuta ya taa. Akaeleza wale 52 walijibu nini na kwa nini aliwaacha. Mwalimu mmoja akachukua daftari akaanza kulifungua ukurasa kwa ukurasa, akasahau kuuliza swali lake. Wamempitisha kwa masahihisho: mapitio ya maandiko ni mafupi, na kuna majedwali hayana vichwa. Anayafanyia hapa dukani jioni nikishafunga. Mama mdogo ameshaanza kuuliza bei ya joho.

Kama kuna mwanachuo atakuja kwako mwezi huu, na hujui mauzo yako, mwandikie sijui. Pale pale kwenye nafasi ya namba, andika sijui. Kwake hilo ni jibu, na anaweza kulitumia. Na kama wewe ndiye mwanachuo, usije saa nne asubuhi siku ya mnada.

Ile elfu 36 ya nakala amenilipa. Dodoso langu namba 01 aliniachia, nimelikunja nimeliweka ndani ya daftari la mwezi huu, kwenye ukurasa wa mwanzo. Leo mpaka naandika hapa walioniuliza bei ni saba. Wamelipa wawili, wote wa vitunguu.